Kiapo cha Askari na Dhamiri ya Mkristo

Jioni moja, katika siku za ghasia mjini kwetu, mama mmoja wa kota za polisi alinijia nyumbani. Mumewe alikuwa ameitwa zamu ya usiku pamoja na kikosi cha kutuliza fujo. Mama huyo alikuwa amempigia pasi sare yake, amemfungia chapati mbili katika karatasi, na kumsindikiza hadi langoni. Kisha, badala ya kurudi kwake, alikuja kwangu na mtoto mgongoni, akaniuliza: "Mwalimu, wewe umesoma. Baba watoto ni mzee wa kanisa. Usiku huu wakimwamuru jambo baya, amtii nani: mkubwa wake au Mungu wake?"

Mimi si padri wala mchungaji. Nina cheti cha ualimu, na sasa ni mtumishi wa Serikali katika ofisi ya wilaya. Usiku ule nilimjibu kwa maneno machache ya kumtuliza, nikamwambia amwombee mumewe. Alinishukuru kwa adabu, lakini niliona usoni mwake kwamba swali lake limebaki palepale. Makala haya ndiyo jawabu nililopaswa kumpa.

SWALI HILI SI GENI

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, tunasoma kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji, wakamwuliza wao nao wafanye nini. Yamkini wengi waliosimama pale walitazamia awaambie watupe silaha na kuacha kazi. Hakuwaambia hivyo. Aliwapa mambo matatu: wasimdhulumu mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu uongo, na waridhike na mshahara wao.

Kadhalika, Yesu alimsifu akida wa Kapernaumu kwa imani yake, wala hakumwagiza avue sare. Kornelio naye, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume sura ya 10, alibatizwa akiwa akida wa jeshi la Kirumi. Basi ni dhahiri kwamba dini ya Kikristo haikumkataa askari. Ilimkubali, kisha ikamwekea mipaka.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 13, anafundisha kutii mamlaka na kulipa kodi, na anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Wapo wanaosoma hapo na kufunga kitabu. Lakini mtumishi ana bwana juu yake, na ana kazi maalumu aliyotumwa. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Karani akitumia muhuri wa ofisi kuiba shamba la mjane, hapana mtu atakayesema kuwa muhuri umemhalalishia wizi. Bunduki ya askari nayo ni mali ya umma iliyotolewa kwa kazi maalumu.

Petro na mitume wenzake, katika Matendo sura ya 5, walikatazwa kuhubiri. Walijibu barazani kwamba kumtii Mungu kunatangulia kuwatii wanadamu. Walipigwa, nao hawakurudisha kipigo wala hawakuchoma nyumba ya mtu. Walirudi katika kazi yao. Hapo pana mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuiheshimu mamlaka, kuukataa uovu, na kuipokea adhabu bila kulipiza kisasi. Anayechukua moja na kuacha mengine hajafuata mfano wao.

MWALIMU WA MUCWINI

Ili maneno haya yasibaki hewani, natutazame mtu wa nchi yetu wenyewe. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika eneo la Kitgum. Alisomea ualimu Boroboro, karibu na Lira, akafundisha shule ya msingi. Mwaka 1948 aliokoka, akaacha ubao na chaki na kwenda kusomea uchungaji. Mwaka 1969 aliwekwa kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Hizo zilikuwa siku za Idi Amin, aliyetwaa madaraka kwa nguvu za jeshi tarehe 25 Januari 1971. Askofu Mkuu Luwum hakuwa mtu wa kukimbia Serikali. Alihudhuria sherehe za taifa, akazungumza na wakuu, hata wengine wakamlaumu kwa kuwa karibu nao mno. Lakini ukaribu ule aliutumia kwa kazi. Mara nyingi alikwenda mwenyewe katika ofisi za State Research, idara ya upelelezi iliyoogopwa kuliko zote, kuwaombea watu waliokamatwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 askari na raia wengi, hasa Waacholi na Walangi, walikamatwa, na wengi wao wakauawa. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 5 Februari, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu huko Namirembe. Wakamwelekezea bunduki, wakapekua vyumba vya kulala na ghala ya chakula, wakitafuta silaha. Hawakuona kitu. Mama Mary, mkewe, alikuwamo nyumbani. Mama yeyote anayesoma ukurasa huu anaweza kuelewa hali ya nyumba ile kulipokucha.

Askofu Mkuu alifanya nini? Hakuwakusanya vijana wenye mapanga. Aliketi na maaskofu wenzake, wakaandika barua kwa Rais, ya tarehe 10 Februari 1977, na wakaitia sahihi. Pamoja na mambo mengine, walimweleza kwamba bunduki iliyokusudiwa kulilinda taifa, raia na mali yake sasa inatumiwa kumnyang'anya raia huyo maisha yake na mali yake. Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Hawakusema kwamba bunduki isiwepo. Walisema irudi kwenye kazi yake.

SAUTI YA MKUTANO WA HADHARA

Tarehe 16 Februari 1977 viongozi wa dini, mawaziri, watumishi wa Serikali na askari waliitwa kwenye viwanja vya Nile Mansions, Kampala. Silaha zilipangwa hadharani zionekane. Ikasomwa hati ndefu ya kumhusisha Askofu Mkuu na njama za kuipindua Serikali. Kisha askari waliokusanyika wakaulizwa watu hao wafanyiwe nini. Wakapaza sauti kwamba wauawe.

Tusipite hapa upesi, kwa maana hapa ndipo swali la yule mama linapouma. Katika umati ule, hapana shaka, walikuwamo wana wa wakulima, watu waliobatizwa na watu waliotahiriwa, waume wa wake na baba wa watoto. Wangapi kati yao walikuwa wameona ushahidi wowote? Mtu mmoja akipiga kelele, wa pili huitikia, wa tatu huogopa kunyamaza. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyoshiriki jambo ambalo peke yake asingelitenda.

Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Askofu Mkuu alibakizwa, naye hakuonekana tena akiwa hai. Mawaziri wawili walikufa pamoja naye. Mmoja alikuwa Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Wa pili alikuwa Erinayo Oryema, ambaye kabla ya kuwa waziri alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Askari polisi mnaosoma gazeti hili, mkumbukeni mtangulizi wenu huyo.

Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Redio ilisema hivyo, na magazeti ya Serikali ya siku hizo yakaandika hivyo. Lakini jeneza lilipofika Mucwini chini ya ulinzi wa askari, jamaa waliofungua waliona majeraha ya risasi. Namirembe walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kaburi hilo lilibaki tupu. Jumapili tarehe 20 Februari, ingawa ibada ya kumbukumbu ilikuwa imekatazwa, waumini walifurika kanisani hapo, wakasali na kuimba.

Serikali ile ilianguka Aprili 1979. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, siku ya kumkumbuka Janani Luwum. Nchi iliyomwita mhaini leo inafunga ofisi zake kwa heshima yake.

Watu wengine huifanya habari hii kuwa ya kabila au ya dini. Sivyo. Aliyemfuata Luwum katika kiti cha Askofu Mkuu, mwaka huohuo wa 1977, ni Silvanus Wani, Mkakwa kama Amin, na mtu aliyekuwa kasisi wa jeshi. Na mwaka 1976 viongozi wa Kianglikana, wa Kikatoliki na wa Kiislamu walikutana pamoja kuzungumzia mateso ya wananchi. Dhuluma haikuchagua msikiti wala kanisa, nao walioikataa hawakuchaguana.

MAMBO MATATU YA YOHANA

Sasa na turudi kwa wale askari wa mtoni, tuyapime mambo yao matatu kwa yale tuliyoyaona.

La kwanza ni kutomdhulumu mtu kwa nguvu. Kazi ya polisi katika fujo ni kulinda uhai na mali, ikiwa ni pamoja na uhai wa huyo anayefanya fujo. Anayerusha mawe akamatwe; akishakamatwa na kutulizwa, kipigo kinachofuata si kazi tena, ni hasira ya mtu binafsi iliyovaa sare. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 221, inaviagiza jeshi, polisi, magereza na idara za usalama kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Ibara ya 24 inakataza mateso, na ibara ya 44 inasema katazo hilo haliwezi kutanguliwa hata wakati wa hatari. Sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso inaongeza kwamba amri ya mkubwa si utetezi mahakamani. Kwa hiyo anayesema "Nilitumwa tu" hana pa kujificha, mbele ya hakimu wa duniani wala wa mbinguni. Tena askari anayemfunga kidonda mtu aliyemrushia jiwe hajavunja amri yoyote; ametimiza ya Serikali na ya Injili kwa mkono mmoja.

La pili ni kutomsingizia mtu. Kifo cha Askofu Mkuu hakikuanza na risasi, kilianza na karatasi. Mtu fulani aliiandika hati ile, mwingine akaipiga chapa, mwingine akaisoma kwenye kipaza sauti. Sisi wa ofisini tusijidhani wasafi kwa sababu hatushiki bunduki. Askari akiandika maelezo, aandike alichokiona, si alichoambiwa akione. Mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 48, kama ibara ya 23 inavyotaka, ili uongo ukutane na hakimu mapema. Hata waamuzi wenyewe wamepata kulipa gharama ya jambo hili. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, alitolewa na watu wenye silaha katika jengo la Mahakama Kuu tarehe 21 Septemba 1972, mchana kweupe, siku chache baada ya mahakama yake kuamuru mtu aliyezuiwa kinyume cha sheria aachiliwe. Hakurudi tena.

La tatu ni kuridhika na mshahara. Wengi hulidharau hili, wakidhani ni dogo. Lakini mwaka 1972 Waasia walipopewa siku 90 kuondoka, maduka na nyumba zao ziligawanywa, na wengi waliozipata walikuwa askari na watu wao. Matajiri hao wapya wananchi waliwaita "mafuta mingi". Rafu zikamalizika bidhaa, sukari na sabuni zikaadimika, na aliyeonja cha bure akataka kingine. Mlinzi akishaanza kula mali ya anayemlinda, huhitaji kumnyamazisha mwenye mali. Hivyo jambo la tatu hulifungulia mlango la kwanza.

Kuridhika na mshahara si kusema kwamba mshahara unatosha. Mimi nami najua tarehe 20 ya mwezi inavyokuwa. Mtumishi ana haki ya kuomba nyongeza kwa wakubwa wake, kwa njia iliyowekwa. Asichokuwa na haki nacho ni kujilipa mwenyewe barabarani, katika mfuko wa mwendesha pikipiki au kapu la muuza nyanya.

RAIA NAYE ANA KIAPO

Isidhaniwe kwamba makala haya ni ya kumnyoshea kidole askari peke yake. Jiwe huua kama risasi iuavyo. Kijana anayemrushia polisi jiwe humrushia mtoto wa mtu, ambaye labda alisoma naye darasa moja. Kampala ilipokombolewa mwaka 1979, raia wengi waliingia madukani na kubeba walichoweza. Waliokuwa wakilia kwa kuibiwa wakaiba. Kumbe ugonjwa haukuwa wa wenye sare tu.

Mkristo mwenye malalamiko ana mfano wa barua ya tarehe 10 Februari 1977. Waliolalamika walitaja jambo wenyewe, wakatia sahihi majina yao, wakaipeleka kwa yule waliyemlalamikia. Hawakubandika karatasi ukutani usiku, wala hawakueneza uvumi sokoni. Uvumi hauna mwenyewe, ndiyo maana hauna aibu. Malalamiko yenye jina yana mtu wa kuyajibia. Kadhalika Mkristo hulipa kodi, hushiriki uchaguzi, huitwa kutoa ushahidi akaenda, na huwaombea viongozi hata wale asiowapenda. Kumwombea kiongozi si kumsifu. Ni kumtakia atende haki.

MLANGONI MWA NYUMBA

Akina mama wa kambini na wa kota, kazi yenu katika jambo hili si ndogo. Askari huondoka na maneno ya mwisho aliyoyasikia nyumbani. Akiambiwa, "Mwenzako wa chumba cha pili ameleta televisheni, wewe unaleta viatu vyenye matope tu," maneno hayo huenda naye hadi kizuizini. Akiambiwa, "Rudi salama, na mwingine naye arudi kwao salama," hayo nayo huenda naye.

Kitu kikiingia nyumbani ambacho mshahara hauwezi kukinunua, mke aulize kimetoka wapi. Aulize kwa upole, wala asisubiri watoto wazoee kukitumia. Na mume akirudi kimya kutoka kazini, asilazimishwe kueleza mbele ya watu. Amwagiwe maji aoge, ale, kisha apewe nafasi ya kusema aliyoyaona, au aitiwe mchungaji, padri au shehe wake. Moyo unaofungiwa mambo mazito usiku mwingi huja kumpiga mtoto kwa kosa la kumwaga maziwa.

Watoto nao wafundishwe mapema. Katika shule niliyofundisha, wavulana walipenda mchezo wa "askari na mwizi", na kila mara aliyekuwa askari ndiye aliyepiga sana. Siku moja niliwauliza askari ni mtu wa namna gani. Msichana mmoja, mtoto wa koplo, akajibu kwamba askari ni mtu anayekesha ili wengine walale. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote cha uraia.

JAWABU

Basi, mama uliyenijia jioni ile, jawabu ni hili. Mumeo amtii mkubwa wake, kwa bidii na bila kunung'unika, katika kila jambo ambalo kiapo chake kilimweka hapo alifanye: kulinda, kukamata kwa haki, kuzuia, kukesha. Akiamriwa kumwua asiye na silaha, kumtesa aliyefungwa, kumsingizia mtu au kumwibia, hiyo haimo katika kiapo chake. Katiba haikuitoa amri hiyo, wala Mungu hakuitoa. Hapo aseme, kwa saluti na kwa adabu, "Afande, hilo siwezi," kisha asimame palepale apokee litakalokuja. Sikufichi kwamba huenda likaja jambo gumu. Lilimjia Askofu Mkuu, likamjia na Jaji Mkuu.

Mumewe alirudi asubuhi, saa mbili. Siku nyingi baadaye aliniambia mwenyewe kilichotokea. Hakuamriwa kumpiga mtu. Aliletewa karatasi aandike kwamba kijana fulani alikutwa na chupa ya petroli, naye alikuwa amemkuta na kitabu cha shule na kiatu kimoja. Akaandika kitabu na kiatu kimoja. Mkubwa wake aliisoma, akakunja uso, akakaa kimya kitambo, kisha akaitia katika faili kama ilivyokuwa. Kijana yule alirudi kwao kabla ya jua kutua.

Nilimwuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa sana, hata kalamu ilimtetemeka mkononi. "Lakini Mwalimu," akasema, "niliwaza kwamba jioni nitamwambia nini mama watoto."